Shajara ya mradi: historia ya parokia yetu ya Jinja, kutoka kitabu cha ubatizo hadi jiwe la msingi

Juma la 1

Paroko ametoa idhini kwa maandishi, na masharti yake ni matatu. Rejista hazitoki nje ya nyumba ya mapadre. Kila kitabu kinachotolewa kabatini kinaandikwa kwenye daftari, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Na hakuna picha ya ukurasa itakayorushwa kwenye WhatsApp.

Sharti la tatu limezua maswali, kwa hiyo sababu yake iwekwe hapa mapema. Kitabu cha ubatizo kina siri za watu walio hai. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ameandikwa hivyo hivyo kwa Kilatini, filius illegitimus, na leo mtoto huyo ni babu wa watu tunaosali nao benchi moja. Zaidi ya hayo, Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019. Tumekubaliana kwamba majina ya kitabu cha ubatizo hayachapishwi kabla ya miaka 100 kupita, na ya kitabu cha ndoa kabla ya miaka 75. Hesabu za mwaka kwa mwaka tutazitoa.

Kazi ya pili ya juma hili ilikuwa kujua karatasi zilizobaki zitafutwe wapi. Jinja imebadilisha askofu mara kadhaa bila kanisa kuhama hata hatua moja. Vikarieti ya Kitume (eneo la misheni ambalo bado si jimbo kamili) ya Upper Nile iliundwa tarehe 13 Julai 1894 na kukabidhiwa Wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki lililoanzia London, na mwaka 1895 Askofu Henry Hanlon akaweka makao yake Nsambya. Mwaka 1948 ikakatwa humo Vikarieti ya Kampala chini ya Askofu Vincent Billington, na Jinja ikaangukia upande huo. Sehemu iliyobaki ya Upper Nile ikabadilishwa jina mwaka 1951 na kuitwa Tororo. Tarehe 25 Machi 1953 vikarieti zikapandishwa kuwa majimbo kamili. Tarehe 5 Agosti 1966 Jimbo la Jinja likazaliwa kutoka Jimbo la Kampala, na mwaka uliofuata Joseph Willigers wa Mill Hill akateuliwa kuwa askofu wake wa kwanza.

Kwa mtafutaji, maana yake ni kwamba barua ya paroko ya mwaka 1938 haikuandikiwa ofisi ileile iliyopokea ya mwaka 1955, wala hiyo haikwenda ilikokwenda ya mwaka 1970. Anayeomba nyaraka atangulize mwaka, ndipo ataje jina la kanisa. Akianza na jina la kanisa ataambiwa halipo kwenye orodha, na atarudi mikono mitupu ilhali faili liko jimbo la pili.

Ng'ambo ya mto ni habari nyingine. Kiwanda cha nguo cha Nytil na kile cha Nile Breweries viko Njeru, ukingo wa magharibi wa Nile, na upande ule ulibaki chini ya Kampala mpaka Jimbo la Lugazi lilipoundwa Novemba 1996. Mfanyakazi aliyelala Walukuba, mtaa wa Jinja, na kufuma nguo Njeru alikuwa akivuka mpaka wa kikanisa kila alipoingia zamu. Watoto wake watafutwe kwenye vitabu vya pande zote mbili.

Juma la 2

Kabati limefunguliwa na vitabu vimekaguliwa kimoja kimoja kabla ya lolote kufanyika. Hewa ya kando ya Ziwa Victoria ni ya unyevu, na karatasi ikikaa kwenye unyevu unaozidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu inaota. Vitabu viwili vya chini vilikuwa na kuvu kwenye pembe. Vimewekwa kivulini, vimesimamishwa wima na kurasa kuachanishwa kama feni, pangaboi likipuliza hewa chumbani bila kuvielekea moja kwa moja. Kuvu husafishwa ikishakauka na kuwa unga, kwa brashi laini, nje ya nyumba, mtu akiwa amevaa barakoa. Ikifutwa ingali mbichi inapakaa na kuzama ndani ya karatasi. Jua kali nalo halifai. Linakausha haraka, ndiyo, lakini karatasi inajikunja na wino unafifia.

Kitabu kimoja kilikuwa na matobo ya wadudu na vumbi jipya la unga, dalili kwamba wadudu bado wamo. Dawa ya kupuliza haikuguswa, kwa sababu inaacha mafuta na madoa kwenye karatasi na sumu kwenye vidole vya msomaji. Kitabu kimefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, hewa imekamuliwa, kikawekwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitolewa, mfuko haufunguliwi kwa saa 24. Ukifunguliwa mapema, umande unatua kwenye kurasa zenye baridi, na umetibu wadudu ukaleta kuvu. Friza ambayo umeme wake hukatika kila siku haitoshi, kwa kuwa wadudu wakipoa polepole wanazoea. Tumeomba nafasi kwenye friza yenye jenereta.

Mambo madogo yaliyofanyika siku hiyohiyo: pini na klipu zilizoshika kutu zimetolewa. Selotepu ya zamani haikubanduliwa, maana inaondoka na maandishi, na selotepu mpya imepigwa marufuku chumbani. Kalamu za wino zimebaki mlangoni, ndani ni penseli tu. Glavu za pamba hazitumiki, kwa kuwa kidole ndani ya glavu hakisikii ukurasa na ndicho kinachouchana. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri inatosha. Rafu mpya iko sentimita 15 juu ya sakafu na haigusi ukuta wa nje. Mchwa hupanda kwa ukuta, na ukuta wa nje ndio unaotoa jasho wakati wa mvua.

Juma la 3 na la 4

Kupiga picha. Swali la kwanza lilikuwa kama simu inatosha au tutafute kamera. Hesabu yake ni hii. Ukurasa wa rejista hizi ni wa karatasi ndefu ya kizamani, inchi 8 kwa 13. Ili mwandiko mdogo usomeke vizuri zinahitajika nukta 300 kwa kila inchi, yaani 2400 kwa 3900. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya 3000 kwa 4000. Inatosha, lakini kwa ukurasa mmoja tu. Kurasa mbili zilizofunguliwa pamoja zinahitaji takriban megapikseli 19, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanapiga kitabu kikiwa wazi kurasa mbili ili kuokoa muda, wakifika kwenye kusoma, herufi a na o zimekuwa kitu kimoja.

Simu imefungwa kwenye stendi ikitazama chini sambamba na meza. Taa mbili zimewekwa kulia na kushoto, kila moja kwa pembe ya nyuzi 45, ili mwanga usirudi kwenye kioo cha simu. Flashi imezimwa. Chini ya kitabu kuna kitambaa cheusi, na upande wa jalada lililoinuka kuna mto wa shuka lililokunjwa, kitabu kisilazimishwe kulala bapa na kuvunjika mgongo. Rula inaonekana kwenye kila picha. Kwanza zinapigwa kurasa zote za kulia tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kitabu kinageuzwa na kupigwa za kushoto. Hivyo taa na stendi havisogezwi kila dakika.

Jina la picha lina aina ya kitabu, namba ya kitabu na namba ya ukurasa: UBA-03-0047. Kurasa tupu nazo zinapigwa. Asiyepiga ukurasa mtupu hataweza baadaye kujua kama ulikuwa mtupu au ulirukwa. Mwisho wa kila siku picha zinanakiliwa mara tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye diski ya pili inayolala jengo jingine.

Kosa lililogharimu siku nzima: karatasi nyembamba inayoonyesha maandishi ya nyuma. Kurasa zaidi ya 40 zilitoka maandishi ya pande mbili yakiwa yamepandana. Dawa yake ni kutia karatasi nyeusi chini ya ukurasa unaopigwa. Nyeupe ndiyo inayorudisha mwanga na kuleta maandishi ya nyuma mbele.

Juma la 5 hadi la 8

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na imechukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

Kila mstari wa kitabu cha ubatizo una namba, tarehe ya ubatizo, jina, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, mahali watokako, msimamizi, padre aliyebatiza, na pambizo. Kilatini chake ni kile kile mstari baada ya mstari, kwa hiyo mtu asiyejua Kilatini anaweza kujifunza maneno 60 na kusoma kitabu kizima. Kuna mitego mitatu, hasa ya vifupisho.

Wa kwanza ni wa miezi. 7bris si mwezi wa saba. Ni Septemba, kwa kuwa septem ni saba. 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, Xbris ni Desemba. Msaidizi mmoja alikuwa ameingiza ubatizo wa Oktoba wote kama wa Agosti, na kosa likagunduliwa pale watoto walipoonekana wamebatizwa kabla ya kuzaliwa. Tangu siku hiyo kompyuta inakagua jambo hilo yenyewe: tarehe ya ubatizo ikitangulia ya kuzaliwa, mstari unageuka mwekundu.

Wa pili ni tarakimu. Mill Hill ilileta huku mapadre wengi Waingereza na Waholanzi. Mholanzi huandika moja yenye mkia mrefu unaopanda, na jicho lililosomea Uganda linaiona saba. Saba yake ina mstari katikati. Kabla ya kuanza mwandiko mpya, msomaji anatafuta kwanza mahali padre huyo alipoandika mwaka usiobishaniwa, kwa mfano 1957, na kutoka hapo anachora moja yake na saba yake kwenye kipande cha karatasi kinachokaa kando ya kompyuta hadi padre mwingine aingie.

Wa tatu ni maneno ya hali ya ubatizo. In per. mort. ni hatarini mwa kifo. Sub cond. ni kwa sharti, nayo mara nyingi ni mtu aliyetoka dhehebu jingine ambaye ubatizo wake wa awali ulikuwa na mashaka. Suppl. caer. maana yake maji yalishamwagwa mapema, pengine na katekista au muuguzi, na siku hii zimekamilishwa ibada zilizobaki. Tarehe iliyoandikwa basi si lazima iwe ya ubatizo wenyewe. Kwenye kitabu cha ndoa kuna disp. m.r. na disp. d.c., ambavyo kwa siku mbili vilidhaniwa kuwa vifupisho vya majina ya mashahidi. Ni ruhusa za askofu: ya kwanza kwa ndoa ya Mkatoliki na Mkristo wa dhehebu jingine, ya pili kwa ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa. Katika mji ambapo Mkatoliki, Mprotestanti na Mwislamu waligawana nyumba za kampuni ukuta kwa ukuta, vifupisho hivi ni historia tosha. Vimepewa safu yao kwenye jedwali.

Majina ndiyo magumu kuliko yote. Mtu mmoja ni Joannes kwenye ubatizo, Yowana kwenye kadi ya katekista wa Kiganda, Yohane kwa jirani msema Kiswahili, na John kwenye kitambulisho cha kiwanda. Aloysius na Aloizio ni yule yule. Carolus ni Karoli. Jedwali lina safu mbili, jina lilivyoandikwa na jina la kutafutia, na safu ya kwanza haisahihishwi kamwe hata kosa likiwa wazi. Vilevile tumeonya kila msaidizi asiunganishe baba na mwana kwa jina la pili. Msoga au Muganda humpa mtoto jina la ukoo wake, si jina la baba. Mwana na baba wanaweza kutofautiana kabisa kwa jina na bado wakawa nyumba moja. Kinachounganisha ni safu ya wazazi pamoja na mahali.

Tarehe zinaingizwa kwa safu tatu, siku, mwezi na mwaka, mwaka ukiwa na tarakimu nne. Programu ya majedwali ikiachiwa tarehe yenye mwaka wa tarakimu mbili inaamua yenyewe: 57 inakuwa 1957, lakini 28 inakuwa 2028, na ubatizo wa 1928 unajikuta umekimbilia mbele kwa karne nzima bila mtu kupewa taarifa.

Angalizo kwa watakaochora grafu. Ubatizo hujazana vipindi maalumu, na wa watu wazima zaidi Pasaka. Aprili iliyojaa haina maana kwamba mji ulijaa Aprili. Linganisha mwaka na mwaka. Na hata mwaka na mwaka, kumbuka akina mama wengi waliokwenda kujifungulia nyumbani kijijini, mtoto akabatizwa huko. Rejista ya mjini ina watoto wachache kuliko waliokuwamo vyumbani.

Juma la 9

Pambizo. Juma hili limebadilisha mpango wa kitabu.

Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 470, ziliagiza kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe kwenye mstari wake katika kitabu cha ubatizo, popote alipofungia ndoa. Sheria za mwaka 1983 zinaagiza hivyo hivyo katika kanuni ya 535. Padre wa mahali pa ndoa anaandika barua kwa parokia ya ubatizo, na paroko wa huko anaandika kwa mkono wake pambizoni: matr. contr. (amefunga ndoa), tarehe, jina la mwenzi, mahali.

Tazama mstari mmoja kwa karibu. Jina, wazazi na msimamizi ni wino mweusi uliogeuka kahawia, mwandiko wa kulala. Pambizoni kuna wino wa buluu, mwandiko wa mtu mwingine, umebanwa kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki upana wa vidole viwili: mwaka, jina la mwanamke, na neno Kisumu. Chini yake, kwa kalamu ya tatu, msalaba mdogo na tarehe. Maisha mazima ya mwanamume yamelala kwenye sentimita 4, na anayenakili safu kuu peke yake atayaacha yote.

Kwa hiyo pambizo zinasomwa sasa kama kitabu cha pili. Kila mahali panapotajwa panawekwa kwenye ramani: waliotoka hapa wakaoa Mbale, Tororo, Kampala, Kisumu, Nairobi. Kitabu cha ndoa kinatoa upande wa pili, kwa kuwa kila bwana na bibi harusi ameandikiwa parokia alikobatizwa. Ukiunganisha vitabu viwili unapata njia za kuingia na kutoka mjini, na njia hizo zinafuata viwanda. Kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani zimechorwa tarehe za mji ambazo hazina ubishi: reli ya Jinja hadi Namasagali, 1912. Daraja la reli juu ya Nile, na treni kufika Kampala, 1931. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954. Tanuri la kuyeyushia shaba ya mgodi wa Kilembe, 1956. Kufukuzwa kwa Waasia, kulikotangazwa Agosti 1972 kwa muda wa siku 90. Kusimama kwa uchimbaji wa shaba Kilembe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chini ya mstari huo yanapangwa yale yanayotoka kwenye rejista.

Neno kuhusu Wagoa. Wengi wakisikia Waasia wa Jinja wanafikiri Wahindu na Waislamu wa maduka na viwanda vya sukari na nguo. Lakini makarani wa reli na wa serikali wengi walikuwa Wakatoliki kutoka Goa, na majina kama Fernandes na De Souza ni ya rejista zetu sawasawa na Waiswa na Mugoya. Waliimba, walishona mavazi ya altare, walisimamia watoto wa Kiafrika ubatizo. Baada ya mwaka 1972 majina hayo yanakatika. Historia ya parokia isiyowataja itakuwa na tundu, na tumeamua wapewe sura yao.

Juma la 11

Jiwe, kengele na tofali.

Parokia huulizwa ilianza lini, na watu hutarajia mwaka mmoja. Iko miaka mitano au sita, na kila mmoja ni wa kweli: misa ya kwanza, padre wa kwanza kukaa, rejista ya kwanza, barua ya askofu ya kuunda parokia, jiwe la msingi, kubarikiwa kwa jengo. Isitoshe, kabla ya majimbo kamili mwaka 1953, kisheria vituo vya misheni havikuwa parokia kamili. Vilikuwa quasi-paroecia. Mzee anayesema parokia ni ya baada ya hapo na mzee anayesema ni ya kabla wanaweza kuwa sahihi wote wawili. Kwenye kitabu kila mwaka utaandikwa na ulivyojulikana.

Kutabaruku, yaani kuliweka kanisa wakfu, nako kuna ushahidi wake. Kanisa lililotabarukiwa kwa mafuta ya krisma lina misalaba ukutani, 12 kwa desturi ya zamani, 12 au 4 kwa ibada ya sasa. Kanisa lililobarikiwa tu halina. Sheria za 1917, kanuni ya 1165, zilikataza kutabaruku kanisa la mbao au la chuma, kwa hiyo kanisa la mabati la siku za mwanzo lilibarikiwa tu, hata kama wazee wanasema askofu alilitabaruku. Misalaba ikiwa imefunikwa kwa rangi, pitisha kiganja ukutani kwa urefu wa mtu aliyeinua mkono. Plasta husema.

Jiwe la msingi limepakwa chokaa na rangi ya mafuta mara nyingi hata herufi zimejaa. Brashi ya waya haikuruhusiwa, wala patasi. Lilisomwa saa mbili usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, tochi moja ikiwa imelazwa karibu kabisa na ukuta ili mwanga upite juu ya jiwe kwa mshazari. Kila mkwaruzo unatoa kivuli. Kutoka upande wa kushoto zilionekana herufi za wima, kutoka juu zikaonekana za mlalo, na A M D G (kifupi cha Kilatini cha "kwa utukufu mkuu zaidi wa Mungu") ikajitokeza yote tochi iliposhushwa pembeni kabisa. Picha zimepigwa kwa pande nne na kusomwa pamoja. Usisome kwa upande mmoja tu: 3 na 8 kwa mwanga wa kushoto ni mapacha.

Kengele imenakiliwa kwa kusugua krayoni nyeusi ya nta juu ya karatasi nyembamba, karatasi ikiwa imefungwa kwa kamba isisogee. Mwaka wa kwenye kengele ni wa kuisubu kiwandani. Siku ya kuitundika huku ni nyingine, pengine baada ya miaka.

Kuta zimepimwa kwa inchi na kwa milimita. Milango na madirisha yanayotoka namba kamili kwa futi ni ya wajenzi wa vipimo vya Kiingereza, na tofali la inchi 9 kwa 4½ kwa 3 ni la enzi hizo. Ukuta wa sakristia ulitoa milimita 200 kamili. Huo ni wa baadaye, hata kama plasta ni moja. Simenti nayo husaidia: kiwanda cha Tororo kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kabla yake kila mfuko ulipanda reli kutoka pwani, ndiyo sababu kuta za zamani zina simenti kidogo na udongo au chokaa nyingi. Kucha inakwaruza kiungio cha zamani. Cha baadaye haikikwaruzi.

Bati za asbesto za kanopi ya nyuma hazikuguswa. Hazikutobolewa, hazikukatwa, hazikusuguliwa. Zimepigwa picha kutoka chini na kuandikwa kwenye ripoti kwa kamati ya ujenzi.

Juma la 13 na la 14

Mahojiano na wazee. Simu mbili zinarekodi kwa wakati mmoja, moja karibu na mzee, nyingine karibu na muulizaji, zote zikiwa hazina laini ili zisiite. Saa moja ya sauti isiyobanwa, chaneli moja, inachukua takriban megabaiti 346. Tafuta nafasi kabla ya kwenda. Saa moja ya mazungumzo inakula saa nne hadi sita za kunakili, na zaidi mzee anapochanganya Kisoga, Kiluo na Kiswahili, jambo ambalo karibu wote wanafanya. Anachosema kwa Kiluo kinanakiliwa kwa Kiluo kwanza, kisha tafsiri.

Usimuulize mzee mwaka. Muulize ilikuwa kabla au baada ya Malkia kuja kwenye bwawa, kabla au baada ya Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, kabla au baada ya Mashahidi wa Uganda kutangazwa watakatifu Oktoba 1964, kabla ya Papa Paulo VI kuja mwaka 1969, Wahindi wakiwapo au wamekwenda, vita vya 1979 vikiwa vimepita au la. Mama mmoja hakukumbuka mwaka wa harusi yake, lakini alikumbuka kwamba padre aliwageukia. Hilo linaiweka harusi baada ya mageuzi ya liturujia yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa sababu kabla yake padre aliadhimisha akitazama altare na kwa Kilatini.

Maswali yanayofungua zaidi ni ya vitu: ulikaa upande gani kanisani, nani alikaa mbele yako, nyimbo zilikuwa lugha gani, zamu ya usiku iliingia misa ya saa ngapi. Walipoulizwa kuhusu lugha, wazee wa Walukuba na wa kambini walijibu bila kusita. Mahubiri yalifuata lugha ya padre na ya katekista, lakini nje mlangoni, kwenye michango, mazishi na ugomvi wa kwaya, ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo hakuna aliyekuwa mwenyeji wake peke yake.

Juma la 15

Pengo. Kitabu kimoja cha ubatizo hakipo. Namba zinaishia mwisho wa kitabu kimoja na kinachofuata kinaanza mbali mbele. Hakuna haja ya kutafuta wa kumlaumu. Kinachowezekana ni kukijenga upya kwa sehemu.

Njia ni kadi. Kila aliyebatizwa alipewa kadi yenye L.B., yaani namba yake katika Liber Baptizatorum, pamoja na parokia, tarehe na jina la padre. Namba ya L.B. ikiangukia ndani ya pengo, mstari mmoja umerudi. Njia ya pili ni rejista za ndoa za parokia nyingine, zinazotaja L.B. ya mtu aliyebatizwa hapa. Ya tatu ni kitabu chetu cha kipaimara, kinachorudia tarehe ya ubatizo. Mstari uliorudishwa unaandikwa kwenye jedwali kwa rangi tofauti, na safu ya chanzo inajazwa kila mara, ili msomaji ajue huu haukutoka kwenye rejista yenyewe.

Tangazo limesomwa misa zote tatu za Jumapili kwa Kisoga, Kiluo na Kiswahili. Wenye kadi za zamani wazilete ofisini Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Kadi inapigwa picha pande zote mbili mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake hapo hapo. Haibaki ofisini hata kwa saa moja. Iliyotiwa plastiki inainamishwa kidogo mwanga usirudi. Iliyochanika iletwe vipande vyote ndani ya bahasha, isigandishwe. Anayekuja na kadi ya marehemu atuambie uhusiano wake naye, na kama marehemu alifanya kazi kiwandani, kiwanda gani na idara gani. Jumamosi hii meza zitakuwa mbili, moja ya picha na moja ya kuandika.